Homoni, kitanzi, dawa nyingine au mienendo? Kuchagua njia katika miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi

Ukiwa na miaka arobaini na kitu, hedhi imeanza kuruka au kuja mara mbili kwa mwezi, usiku unaamka shuka limelowa, na mtoto akiangusha kikombe tu machozi yanakulenga, ushauri hautakupungukia. Jirani atakutajia majani ya kuchemsha. Shemeji atakuonya kwamba homoni zinaleta saratani. Muuguzi wa zahanati atasema ni umri, vumilia. Rafiki aliyeko Uingereza atakutumia picha ya kibandiko cha homoni alichobandika pajani, na kuapa kwamba kimemrudishia maisha yake. Wote wanne wanakutakia mema, ila kila mmoja anazungumzia shida yake.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanauliza "homoni au dawa za asili?" wakati swali la kuanzia ni jingine: kinachonisumbua zaidi ni kipi? Njia zilizopo hazitibu kitu kimoja. Ipo inayoondoa joto lakini haigusi damu nyingi. Ipo inayopunguza damu lakini hairudishi usingizi. Nitaziweka njia nne kubwa kwenye vigezo vilevile, nigusie mitishamba, kisha tuone nani aanzie wapi.

Mwili unafanya nini

Madaktari wanakiita kipindi hiki perimenopozi, yaani miaka ya kuelekea ukomo wa hedhi. Ukomo wenyewe huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, na kwa wanawake wengi duniani hufika kati ya umri wa miaka 45 na 55. Miaka ya kuuelekea huwa 4 hivi kwa kawaida, lakini wapo wanaopita kwa miezi michache na wapo wanaofika 8 au zaidi.

Ovari haziachi kazi siku moja. Mwezi huu zinatoa yai, mwezi ujao hazitoi. Mwezi usio na yai projesteroni inakuwa haba, nayo ndiyo inayoutuliza ukuta wa ndani wa kizazi. Ukuta unazidi kunenepa, halafu unabomoka kwa damu nyingi yenye mabonge. Estrojeni nayo haishuki polepole kama wengi wanavyodhani: inaweza kupanda juu kuliko ilivyokuwa ujanani, kisha ikaporomoka. Inapoporomoka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakosa uvumilivu. Badiliko dogo tu la joto linatosha kuufanya mwili uanze kujipoza. Uso unawaka, jasho linatiririka, moyo unakwenda mbio.

Kwa sababu ya kupanda na kushuka huko, kipimo cha homoni kinaweza kusema hivi leo na vingine wiki ijayo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili zinazoeleweka hahitaji kipimo hicho. Maelezo yake yanatosha. Ukitakiwa kukilipia, uliza kwanza jibu lake litabadilisha nini katika matibabu.

Na kuhusu "vumilia, yatapita": utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, ambao umefuatilia wanawake tangu 1996, ulionyesha mwaka 2015 kwamba nusu ya wanawake wenye vipindi vya joto vya mara kwa mara huendelea navyo kwa zaidi ya miaka 7.4. Kwa wanawake weusi wa huko kipimo hicho kilikuwa miaka 10.1. Siwezi kumwambia mtu avumilie miaka kumi bila kulala wakati msaada upo.

Kabla ya kuchagua, hakikisha ndiyo yenyewe

Sehemu hii naomba isirukwe, maana kwetu ina uzito wa pekee. Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi, homa za jioni au kupungua uzito lipimiwe kifua kikuu. Moyo kwenda mbio, kukonda bila sababu na kutovumilia joto vinaweza kuwa tezi ya thairoidi. Uchovu na kizunguzungu vinaweza kuwa upungufu wa damu. Hedhi iliyoruka inaweza kuwa mimba, ndiyo, hata ukiwa na miaka 47.

Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi bila mpango, isisingiziwe umri. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na uchunguzi wake wa awali ni wa dakika chache tu. Damu nzito inaweza pia kutokana na uvimbe kwenye kizazi, faibroidi, ambao ni wa kawaida sana katika umri huu. Na aliyekwisha kumaliza miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, aende hospitali wiki hiyohiyo.

Chukua kalenda, andika siku za damu, wingi wake, usiku ulioamka umelowa, na siku za hasira au huzuni. Miezi miwili au mitatu inatosha. Kwa mwanamke Mwislamu kalenda hiyo ina faida nyingine: hedhi zikivurugika, maswali ya swala na saumu yanafuata, na katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wa pwani wanaifuata, damu inayopita siku 15 huingia katika hukumu za istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Ukiwa na tarehe mkononi, daktari na shehe wote watakujibu vizuri zaidi.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali matano: inatibu nini, inachukua muda gani kusaidia, ina hatari na miiko gani, gharama na upatikanaji wake ukoje, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: mienendo na tiba ya mazungumzo

*Inatibu nini.* Tuseme ukweli hapa, maana mazoezi yanasifiwa kuliko ushahidi uliopo. Kwa joto la ghafla lenyewe, mazoezi, yoga na kukwepa pilipili au chai ya moto havijathibitika kuwa tiba. Viwili vimethibitika zaidi: kupunguza uzito kwa aliyezidi, na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, inayopunguza usumbufu wa joto, kuboresha usingizi na kutuliza wasiwasi. Mazoezi yana kazi kubwa kwingine: moyo, presha, sukari, hisia na mifupa, ambayo hudhoofika kwa kasi miaka ya karibu na ukomo. Mama anayelima na kubeba maji tayari anaipa mifupa yake kazi. Anayekaa ofisini kuanzia asubuhi hadi jioni anahitaji kutembea kwa kasi na kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki.

*Muda.* Tiba ya mazungumzo huonyesha matokeo baada ya wiki kadhaa. Mifupa na moyo ni kazi ya miaka.

*Hatari na miiko.* Karibu hakuna. Hatari iliyopo ni ya mtu mwenye dalili kali kubaki hapa kwa sababu ameambiwa dawa ni udhaifu.

*Gharama na upatikanaji.* Chakula chenye kalsiamu kipo sokoni: dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maziwa mgando, ufuta. Kulala na khanga nyepesi ya pamba, maji ya baridi kando ya kitanda na dirisha lenye chandarua hakuondoi joto, ila usiku wa Dar au Mombasa wakati wa kaskazi hupunguza adha. Mshauri nasaha aliyesomea tiba hii ni vigumu kumpata nje ya miji mikubwa, ingawa wapo wanaofanya kwa simu. Pombe na sigara, ukiviacha, unaokoa pesa.

*Inamfaa nani.* Kila mmoja kama msingi. Peke yake, inamtosha mwenye dalili nyepesi, au ambaye shida yake kuu ni usingizi na wasiwasi.

Njia ya pili: tiba ya homoni

*Inatibu nini.* Kwa joto la ghafla na jasho la usiku hakuna kinachoifikia: hupunguza idadi ya vipindi kwa takribani robo tatu. Usingizi hufuata, na mara nyingi hasira na huzuni hupungua pia. Hulinda mifupa. Kwa uke mkavu, maumivu wakati wa tendo la ndoa na kwenda haja ndogo kila mara, ipo estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge kidogo, ambayo kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Tiba hii haizuii mimba. Na damu nzito haiitulizi kwa uhakika; kwa shida hiyo soma njia ya tatu.

*Muda.* Wengi huona nafuu ndani ya wiki chache, na nafuu kamili kufikia miezi 3. Ya ukeni nayo ipewe miezi 3 kabla ya kuihukumu.

*Hatari na miiko.* Hapa nitakaa kidogo, maana hofu ya shemeji ina chanzo chake. Julai 2002 tawi moja la utafiti wa Marekani uitwao WHI lilisimamishwa. Wanawake zaidi ya 16,000 walikuwa wakipewa vidonge vya estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba pamoja na projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, au vidonge visivyo na dawa. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, saratani ya matiti iliongezeka kwa wanawake 8. Waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Habari zikaenea duniani kote kwamba homoni zinaua, na mamilioni wakatupa vidonge vyao. Kisichosemwa sana ni kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, umri ambao wengi wamekwisha vuka ukomo kwa miaka kumi na zaidi. Na waliokuwa wameondolewa kizazi, wakapewa estrojeni peke yake, hawakupata ongezeko hilo la saratani ya matiti.

Msimamo wa vyama vya madaktari wa fani hii leo ni kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hatari ya matiti ipo, ni ndogo, na huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka. Hatari ya damu kuganda inatokana na estrojeni ya kumeza. Ile ya kupitia ngozini, jeli au kibandiko, katika dozi za kawaida haijaonekana kuiongeza. Mwenye presha inayodhibitiwa, mnene, au mwenye kipandauso hupendekezewa ya ngozini.

Sharti moja halina mjadala: mwenye kizazi asitumie estrojeni ya mwili mzima peke yake. Lazima apate projesteroni au projestini, la sivyo ukuta wa kizazi unanenepa na kuweza kuzaa saratani. Vidonge vya projesteroni humezwa usiku kwa sababu vinaleta usingizi, jambo ambalo wengi hulipokea kwa furaha.

Wasioruhusiwa, au wanaohitaji bingwa kwanza: aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, mwenye damu isiyojulikana chanzo, aliyepata kiharusi, shambulio la moyo au damu kuganda, na mwenye ugonjwa wa ini unaoendelea. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au ARV zenye efavirenzi, aseme mapema, maana zinapunguza nguvu ya homoni. Dolutegraviri, iliyomo kwenye kidonge cha ARV kiitwacho TLD, haina mgongano huo na estrojeni.

*Gharama na upatikanaji.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa kwetu. Vidonge hupatikana kwenye famasi kubwa za mijini. Jeli na vibandiko ni adimu zaidi na bei yake ni ya kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Uliza bima yako, NHIF Tanzania au SHA Kenya, kabla ya kuandikiwa, na umuulize mfamasia kama mzigo unaingia bila kukatika. Wasomaji walioko Uingereza, upande wa England, wana cheti cha malipo ya mwaka mzima kwa dawa za homoni za ukomo tangu Aprili 2023, na wapo wasiojua. Usinunue vibandiko mtandaoni kwa mtu usiyemjua wala kuazima vya rafiki. Dozi yake si yako, na pengine yeye hana kizazi.

*Inamfaa nani.* Mwenye joto na jasho linaloharibu usingizi na kazi, asiye na miiko iliyotajwa, na anayeweza kupimwa presha na matiti na kupitia upya matibabu kila mwaka.

Njia ya tatu: homoni za uzazi wa mpango

*Inatibu nini.* Damu. Ndiyo maana naona njia hii inasahaulika isivyostahili, kwani mazungumzo mengi ya perimenopozi yanaanzia na kuishia kwenye joto, wakati kuna mama anayebadilisha pedi kila saa moja au mbili, anayeshindwa kwenda sokoni, na damu yake imeshuka hadi anapumua kwa shida akipanda ngazi. Kitanzi chenye homoni ya levonorjestreli hukaa ndani ya kizazi na kuufanya ukuta wake uwe mwembamba. Hupunguza damu ya hedhi kwa kiasi kikubwa sana, kwa wengi kufikia asilimia 80 hadi 90, na kuzuia mimba kwa miaka. Hakiondoi joto la ghafla. Lakini kinafanya kazi ya kulinda ukuta wa kizazi, kwa hiyo mwenye damu nzito na joto pamoja anaweza kuwekewa hicho na kuongeza estrojeni ya ngozini. Kwa kazi hiyo ya ulinzi hubadilishwa kila baada ya miaka 5.

Vidonge vya majira vyenye homoni mbili hupanga hedhi, hupunguza damu na maumivu, na hupunguza joto pia. Kijiti na sindano ya miezi mitatu huzuia mimba, na huenda hedhi ikapotea kabisa, lakini kwa wengine huleta matone yasiyoisha.

Tafadhali usichanganye kitanzi hiki na kile cha shaba. Cha shaba hakina homoni na kinaweza kuongeza damu.

*Muda.* Kitanzi huleta matone yasiyo na mpango kwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Wengi hukitoa katika miezi hiyo, kabla hakijaanza kuwasaidia. Vidonge hufanya kazi ndani ya mzunguko mmoja au miwili.

*Hatari na miiko.* Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha ya juu, mvutaji sigara aliyevuka miaka 35, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimeng'emeto machoni, wala aliyewahi kupata damu kuganda. Na hata mwenye afya huachishwa afikapo 50. Sindano hupunguza uzito wa mifupa, hivyo ukikaribia umri huo badilisha. Kitanzi kina miiko michache zaidi, ila aliyewahi kuugua saratani ya matiti huambiwa akiepuke, na damu isiyo na chanzo ichunguzwe kabla ya kuwekewa.

*Gharama na upatikanaji.* Vidonge, sindano na kijiti ndiyo njia rahisi kuzipata kuliko zote, hata kwenye vituo vya afya vya serikali. Kitanzi chenye homoni kinahitaji aliyefundishwa kukiweka na mara nyingi hulipiwa, lakini ukigawa bei yake kwa miaka mitano hesabu inabadilika.

*Inamfaa nani.* Mwenye damu nzito au hedhi zilizovurugika, na yeyote ambaye bado anaweza kushika mimba. Kinga iendelee hadi miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho kama ilikoma kabla ya 50, au mwaka 1 kama ilikoma baada ya hapo.

Njia ya nne: dawa zisizo na homoni

*Inatibu nini.* Hapa kuna mafungu mawili, na kila moja lina kazi yake. La kwanza ni la joto la ghafla: venlafaksini, paroksetini na ndugu zake, ambazo asili yake ni dawa za sonona lakini kwa dozi ndogo hupunguza joto kwa karibu nusu, gabapentini, inayosaidia zaidi jasho la usiku, na fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani Mei 2023, inayofanya kazi moja kwa moja kwenye kituo cha joto katika ubongo. La pili ni la damu: asidi ya traneksamiki na ibuprofeni, zinazomezwa siku za hedhi pekee, pamoja na vidonge vya madini ya chuma kurudisha damu iliyopotea. Kwa uke mkavu kuna vilainishi vya majini. Mafuta ya nazi yanaharibu kondomu za mpira.

*Muda.* Za joto huanza kusaidia ndani ya wiki 1 hadi 4. Traneksamiki hufanya kazi siku hiyohiyo.

*Hatari na miiko.* Venlafaksini inaweza kupandisha presha, na haiachwi ghafla. Paroksetini huzuia tamoksifeni isifanye kazi yake, kwa hiyo mgonjwa wa saratani ya matiti anayetumia tamoksifeni apewe nyingine badala ya paroksetini. Gabapentini huleta usingizi na kizunguzungu. Fezolinetanti inahitaji kupimwa ini mara kwa mara. Traneksamiki haimfai aliyewahi kupata damu kuganda, wala ibuprofeni mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu. Na wewe unayetumia dolutegraviri: kalsiamu au madini ya chuma meza pamoja na ARV ukiwa unakula, la sivyo meza ARV saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake.

*Gharama na upatikanaji.* Nyingi ni dawa za zamani zisizo na jina la kampuni, na hospitali nyingi za rufaa zinazo. Fezolinetanti ni ghali na bado ngeni kwetu. Aibu nayo ni gharama: mtu anaona jina la dawa ya sonona kwenye cheti na kuiacha famasi. Dozi ya joto haimaanishi umeambiwa una ugonjwa wa akili, na hata ungekuwa na sonona ingestahili tiba kama presha inavyostahili.

*Inamfaa nani.* Asiyeruhusiwa homoni, asiyezitaka, anayesubiri kumwona bingwa, au mwenye joto na sonona kwa pamoja.

Na mitishamba?

Haiwezi kuingia kwenye vigezo vile vitano kwa sababu kila muuzaji ana mchanganyiko wake, na dozi haijulikani. Soya kwenye chakula ni salama, lakini faida yake kwa joto ni hafifu na yenye kubishaniwa. Mzizi wa kohoshi mweusi, unaouzwa kwenye chupa za virutubisho kutoka nje, haujathibitika kusaidia, na umehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watu. Simdharau bibi anayejua majani yake. Ninachoomba ni umtajie daktari unachokunywa, hasa kama uko kwenye ARV, dawa za kisukari au za kuyeyusha damu, na usinunue chochote kinachoahidi "kurudisha ujana wa kizazi".

Nani aanzie wapi

Kama damu ndiyo inayokutesa, anza na kipimo cha wingi wa damu na ultrasaundi ya kizazi. Wakati unasubiri, traneksamiki na madini ya chuma. Kama hakuna kinachohitaji upasuaji na umechoka na hali hiyo kila mwezi, kitanzi chenye homoni kijadili kwa dhati.

Kama ni joto na usiku usiolala, una afya na uko chini ya 60, tiba ya homoni inastahili kuzungumzwa mapema badala ya kuwekwa mwisho. Ukiwa na presha, idhibiti kwanza kisha uliza ya ngozini. Ikiwa haipatikani ulipo, au bei haikai kwenye bajeti ya nyumba, venlafaksini au gabapentini si kushindwa. Ni nusu ya nafuu inayopatikana leo.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aanzie njia ya nne na tiba ya mazungumzo, chini ya daktari wake wa saratani. Hata estrojeni ya ukeni asiiguse bila kumuuliza.

Kama shida yako ni uke mkavu peke yake, huhitaji tiba ya mwili mzima. Kilainishi, kisha estrojeni ya ukeni. Na mume aambiwe. Kungwi na somo walitufunda kuhusu hedhi ya kwanza na ndoa, lakini mwisho wa hedhi wengi hatukufundwa, na wanaume wetu hawakufundwa kabisa. Mwanamume asiyejua hudhani amekataliwa.

Kama ni huzuni nzito, hamu ya kuishi imepungua, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usihangaike na ulinganisho huu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini na uende hospitali leo.

Dalili nyepesi, hedhi zinaruka tu? Njia ya kwanza, kalenda, kinga ya mimba, na presha ipimwe. Huna deni la kumeza chochote.

Na kama una chini ya miaka 40 na hedhi imetoweka kwa miezi kadhaa bila mimba, hali yako ni nyingine kabisa. Wewe ndiye vipimo vya homoni vinakuhusu, na kwa kawaida utashauriwa homoni hadi umri wa karibu miaka 50 ili kulinda mifupa na moyo, hata kama husikii joto lolote. Omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, nenda na kalenda yako, orodha ya dawa zote unazomeza, na umri ambao mama yako na dada zako hedhi zao zilikoma, kama unaujua.